Kompyuta Yapima Hatari ya Mafuta na Gesi Mpakani

Kila siku, mchana na usiku, malori yenye matangi ya petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi ya kupikia huvuka mpaka wa Kenya na Uganda katika miji ya Busia na Malaba. Sehemu kubwa ya mafuta yatumikayo nchini Uganda hushushwa melini huko Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa malorini na kuletwa mpakani, ambako hungoja zamu ya ukaguzi kabla ya kuendelea na safari ya Tororo, Jinja na Kampala. Bomba la kuyavusha kutoka Eldoret mpaka Kampala limezungumzwa kwa miaka mingi, lakini hadi leo kazi hiyo hufanywa na magurudumu.

Lori likipinduka au tangi likipasuka, mtu wa kwanza mwenye mamlaka kufika hapo huwa ni askari: polisi wa barabarani, mlinzi wa forodha, au mwanajeshi aliye katika doria ya mpaka. Nchini Uganda hata zimamoto ni idara ya Polisi. Kwa hiyo si jambo la ajabu kwamba katika makala haya twawaletea askari wetu habari ya elimu ambayo kwa kawaida huonekana kuwa ya wahandisi peke yao, nayo ni elimu ya kuigiza ajali za gesi na mafuta ndani ya kompyuta, ili ijulikane moto utafika wapi kabla haujawashwa.

Elimu hiyo imekuzwa zaidi katika viwanda na bandari za gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Gesi asilia, ile ya jamii ya Songo Songo na Mnazi Bay kule Tanzania, ikipozwa hadi nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri hugeuka kuwa kitu kama maji, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Ndipo huweza kutiwa melini na kupelekwa ng'ambo. Tanzania kwa muda mrefu imekusudia kujenga kiwanda cha namna hiyo Lindi. Msumbiji ilianza kusafirisha gesi hiyo mwezi Novemba 2022 kutoka kiwanda kinachoelea baharini, ingawa mradi wake mkubwa wa nchi kavu karibu na Palma ulisimamishwa mwaka 2021 baada ya shambulio la waasi, jambo ambalo wanajeshi wa nchi kadhaa za Afrika walioitwa kusaidia wanalikumbuka vema.

Hatari ya bidhaa hiyo ilifahamika mapema, na kwa gharama kubwa. Tarehe 20 Oktoba, 1944, tangi la gesi ya kimiminika lilipasuka katika mji wa Cleveland, Marekani. Chuma chake kilikuwa na nikeli kidogo mno, kwa kuwa nikeli ilikuwa adimu wakati wa vita, nacho hakikuweza kuvumilia baridi kali. Kimiminika kilitiririka barabarani, kikaingia katika mifereji ya maji machafu chini ya nyumba za watu, mvuke ukapata moto, na watu wapatao 130 wakafa. Miaka 60 baadaye, tarehe 19 Januari, 2004, mvuke uliovuja katika kiwanda cha Skikda, Algeria, ulivutwa na feni ya tanuru la kuchemshia maji. Watu 27 walipoteza maisha yao. Katika misiba yote miwili gesi haikuwaka pale ilipotoka. Ilisafiri kwanza, ikaukuta moto mahali pengine.

Safari hiyo ya mvuke ndiyo inayohesabiwa na kompyuta. Wataalamu huanza kwa kuuliza tundu ni kubwa kiasi gani na kimiminika kinatoka kwa kasi gani. Kisha huhesabu dimbwi litaenea kiasi gani, na joto la ardhi litaligeuza kuwa mvuke kwa haraka ipi. Baada ya hapo hutafuta wingu la mvuke litakwenda wapi likisukumwa na upepo, likichanganyika na hewa polepole mpaka liwe jepesi mno kuweza kuwaka. Gesi asilia huwaka pale tu inapokuwa baina ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kanuni za serikali ya Marekani zataka mwenye kiwanda aonyeshe kwamba hata katika uvujaji mkubwa unaotarajiwa wingu halitavuka mipaka ya ardhi yake likiwa na nusu ya kile kiwango cha chini, yaani asilimia 2.5, na kwamba moto ukiwaka, joto litakalowafikia watu walio nje ya uwanja halitazidi kilowati 5 kwa kila mita ya mraba. Joto hilo likiupata mwili kwa muda wa dakika moja huweza kuchubua ngozi na kuitoa malengelenge.

Msomaji aweza kuuliza: kompyuta imejuaje? Haikujua, ilifundishwa. Katika miaka ya 1980 na 1981 wataalamu walimwaga gesi ya kimiminika kwa makusudi katika jangwa la China Lake, California, wakaizungushia vipimo, wakaandika mvuke ulifika wapi kila sekunde. Waingereza walifanya hivyo Maplin Sands, kisha kisiwani Thorney wakatumia gesi nzito isiyowaka. Mwaka 1987 majaribio mengine yalifanywa katika jangwa la Nevada. Programu yoyote inayodai kuijua tabia ya wingu la gesi hupimwa kwa majaribio hayo, na ikitoa majibu yaliyo mbali na yale yaliyoonekana jangwani, hukataliwa. Mwaka 2011 Marekani ilizikubali programu mbili za aina hiyo, PHAST na FLACS. Hii ya pili ilizaliwa Bergen, Norway, nayo huweza kuchora majengo, kuta na mabomba na kuonyesha jinsi mvuke unavyopita katikati yake.

Sasa turudi nyumbani, maana Busia haina kiwanda cha gesi asilia, wala Tororo, ambayo sifa yake ni mwamba wake, saruji yake na njia panda ya reli. Lakini petroli na gesi ya kupikia hutii sheria zile zile za maumbile, na katika jambo moja ni mbaya zaidi. Gesi asilia ikishapata joto huwa nyepesi kuliko hewa, hupaa na kutoweka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, na gesi ya kupikia ni nzito karibu mara moja na nusu hadi mara mbili. Hazipai. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hukaa mabondeni, hupita chini ya milango. Tena hazihitaji kuwa nyingi: mvuke wa petroli huwaka ukifika asilimia moja na nusu tu ya hewa, na gesi ya kupikia ikifika asilimia 2 hivi.

Ukitaka kuona maana yake, chukua lori lililomwaga lita 30,000 za petroli mahali tambarare. Zikienea kwa kina cha sentimita moja, zitafunika mita za mraba 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Upepo ukiwa wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kutikisa majani tu, mvuke wa dimbwi hilo utasafiri mita 300 kwa dakika mbili na nusu. Muda huo hautoshi hata kumwita mkubwa wa kituo kwa simu, kumweleza mambo na kupokea amri.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa mara nyingi kwa kutoyajua hayo. Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari, 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea. Sange, mashariki ya Kongo, tarehe 2 Julai, 2010, walikufa zaidi ya 200. Namungoona, Kampala, mwezi Juni 2013, zaidi ya 30. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti, 2019, zaidi ya 100. Na katika barabara hii hii ya Kisumu kwenda Busia, mahali paitwapo Malanga katika kaunti ya Siaya, usiku wa tarehe 17 Julai, 2021, lori la petroli liligongana na lori la maziwa, likaanguka. Watu wakaja na madebe kuchota, na 13 kati yao hawakurudi makwao. Mwezi Oktoba 2024 ikawa zamu ya Kigogwa, katika barabara ya Bombo. Karibu kila mara hadithi ni moja: lori huanguka, watu hujaa, kitambo hupita, ndipo moto huja. Kile kitambo kilichopita ndicho mali ya askari. Hakuna mtu mwingine anayeweza kukitumia.

Lakini askari wengi hukitumia kwa kukisia. Mmoja huweka kamba hatua ishirini kutoka lorini, mwingine hamsini. Kitabu cha mwongozo kinachotumiwa na askari na wazimamoto wa Marekani, Kanada na Mexico chasema kwamba petroli ikimwagika watu wasikaribie chini ya mita 50 kila upande, na umwagikaji ukiwa mkubwa, wale walio upande upepo unakoelekea waondolewe hadi mita 300. Tangi likiwa linaungua, mita 800 kila upande. Kwa gesi ya kupikia na gesi asilia ya kimiminika hesabu ni kubwa zaidi: mita 100 kwanza, mita 800 upande wa upepo uvujaji ukiwa mkubwa, na mita 1,600 tangi likiwa motoni. Kabla ya yote, yafaa askari aisome namba iliyo katika kibao cha rangi ya chungwa cha lori, akiwa bado mbali. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1075 ni gesi ya kupikia, na 1972 ni gesi asilia iliyopozwa.

Mita 1,600 zaweza kumchekesha mtu anayeujua mji wa Busia. Hiyo ni mji mzima, soko, maduka, vituo vya mabasi, nyumba za pande mbili za mpaka, na wale waendesha baiskeli na pikipiki ambao jina lao la boda boda lilizaliwa hapa hapa, kwa kupeleka watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Hata hivyo namba hiyo haikutungwa kwa kutisha watu. Tangi la gesi ya kupikia likichomwa na moto kutoka nje, chuma hulegea, gesi iliyo ndani huchemka, na tangi hupasuka lote kwa mara moja na kutoa mpira wa moto. Hesabu ya wataalamu ni fupi: chukua uzito wa gesi kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu, zidisha kwa 5.8, nawe umepata kipenyo cha mpira huo kwa mita. Kwa lori la tani 20, kipenyo ni mita 157, na moto wenyewe hudumu sekunde 12 hivi. Vipande vya tangi huruka mbali kupita moto, na ndivyo vinavyofanya umbali uongezwe. Huko Los Alfaques, Hispania, tarehe 11 Julai, 1978, lori lenye tani 23 hivi za gesi ya jamii hiyo liliangamia kando ya kambi ya watalii, likaua watu 217.

Kuna jambo moja ambalo twalisema bila kuficha, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na watu wenye silaha. Umati unaochota petroli ni umati mgumu, na mkono wa askari huenda haraka kwenye bunduki au bomu la machozi. Risasi ya hewani hutoa mwali katika mdomo wa bunduki. Bomu la machozi hufyatuliwa kwa baruti na huendelea kuungua likiwa chini. Vitu hivyo viwili, katika wingu la mvuke, ni kibiriti. Vivyo hivyo gari la doria lililoachwa likinguruma karibu na dimbwi, na hata king'ora kinachowashwa kwa swichi. Askari na asimame upande upepo utokako, aache gari mbali, atumie kipaza sauti na miguu yake. Ni kazi ya taabu, lakini hatujaona njia nyingine.

Sasa tuangalie tukio lililo karibu zaidi na somo letu la kompyuta. Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, yapata saa tano na nusu, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia mitungi huko Embakasi, Nairobi, katikati ya nyumba za kupanga. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Siku iliyofuata, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta ilitangaza kwamba maombi ya kujenga kituo mahali hapo yalikuwa yamepelekwa kwake mara tatu katika mwaka 2023, mwezi Machi, Juni na Julai, na mara tatu yakakataliwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mwombaji hakuleta tathmini ya hatari yenye kuonyesha joto na kishindo vingefika wapi endapo kungetokea mlipuko, hali eneo lilikuwa limejaa watu. Kwa maneno mengine, aliombwa mchoro ule ule unaotolewa na kompyuta, naye hakuuleta. Rais William Ruto naye alisema hadharani kwamba maafisa waliotoa leseni za gesi katika makazi ya watu waachishwe kazi na kushtakiwa.

Twalitazama tukio hilo kwa namna mbili. Kwanza, elimu hii si ya ng'ambo tena. Imo katika ofisi za jirani zetu, na tayari ina nguvu ya kumnyima mtu kibali. Pili, na hili ndilo linalowahusu wasomaji wetu, kibali kilinyimwa lakini malori yaliendelea kuingia langoni. Mchoro haukamati mtu. Kituo cha gesi kisicho na kibali, kilichojificha nyuma ya ukuta katika mtaa wa Busia au Malaba, hakitagunduliwa na programu ya Norway, bali na koplo anayeuliza kwa nini lori la namba 1075 laingia uchochoroni saa nne usiku.

Zipo programu ambazo hata makao ya polisi ya wilaya yangeweza kuwa nazo. Moja yaitwa ALOHA, iliyotengenezwa na idara mbili za serikali ya Marekani kwa ajili ya watu wa dharura. Hutolewa bure na huendeshwa katika kompyuta ya kawaida ya mezani. Mtumiaji huandika jina la kitu, ukubwa wa tangi, upepo na saa, nayo humchorea maeneo matatu. Katika lile la ndani joto la moto lafika kilowati 10 kwa mita ya mraba na laweza kuua kwa dakika moja. La kati ni kilowati 5, la kuunguza. La nje ni kilowati 2, la maumivu. Mchoro huo ukiwekwa juu ya ramani ya mji, mkuu wa kituo ataona shule gani imo ndani, barabara gani ya kufunga, na zimamoto wapite upande gani.

Lakini askari asiiamini kuliko inavyojiamini yenyewe. Watengenezaji wake wamesema wazi kwamba haijui vilima wala majengo, haiwezi kuhesabu vema mchanganyiko wa vitu vingi kama ilivyo petroli, na majibu yake si ya kutegemewa upepo ukiwa dhaifu sana na hewa ikiwa imetulia. Na hiyo ndiyo hali ya usiku wetu. Mchana jua huichemsha hewa, ikapanda na kushuka na kuuchana mvuke. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, hewa hulala, na mvuke mzito huteremka polepole kufuata mteremko, hata kinyume cha upepo mdogo uliopo. Huko Malaba mteremko waelekea mto wa Malaba, ambao ndio mpaka wenyewe. Kwa hiyo umbali wa mchana usitumiwe usiku kana kwamba ni ule ule, na mahali pa kukusanyia watu pasiwe bondeni, hata kama ndipo penye nafasi.

Foleni nayo ina hesabu yake. Mwezi Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kupimwa korona, malori yalisimama kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na bei ya petroli nchini Uganda ikapanda ghafla. Watu walizungumza juu ya bei. Hatukusikia wengi wakizungumza juu ya yale matangi yenyewe, yaliyopangwa pua kwa mkia, madereva wakipika ugali kwa jiko la makaa kando ya magurudumu na wachuuzi wakipita katikati. Tangi moja likiungua katika mstari wa namna hiyo hulichoma la pili kwa joto tu, bila kuguswa na mwali. Kompyuta huweza kuhesabu nafasi ya kuacha kati ya lori na lori, na jibu hutofautiana kwa petroli na kwa gesi. Kwa sababu hiyo malori ya gesi yafaa kupewa uwanja wao peke yao, juu ya mteremko, mbali na majiko.

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimewaweka maafisa wa Kenya na Uganda chini ya paa moja, nao hukagua lori mara moja badala ya mbili. Ramani ya hatari, yenye maeneo ya mchana na ya usiku, petroli na gesi kila moja kwa rangi yake, ingeweza kutundikwa katika ukuta wa kituo hicho kwa gharama ya karatasi. Ila ni lazima ichorwe na pande mbili kwa pamoja, kwa kuwa kwa lori la gesi lililosimama langoni, nusu ya duara la mita 1,600 imo Kenya na nusu imo Uganda, na askari wa kila upande anajua mitaa ya kwake tu.